Darasa la Mlangoni

Jumatatu, tarehe kumi Aprili, saa mbili na nusu asubuhi, nilikuwa nikiandika hesabu za sehemu kwenye mlango wa stoo, nyumbani kwetu Rusimbi. Mlango ule niliupaka rangi nyeusi kwa mkono wangu miaka miwili kabla, nao ndio uliokuwa ubao wetu. Binti zangu wawili, mmoja wa miaka kumi na mmoja na mwingine wa miaka saba, walikuwa wamekaa kwenye meza ya chakula, madaftari wazi, penseli zimechongwa. Wifi yangu akaingia na chupa ya chai mkononi, akasimama nyuma yao, akausoma ubao wangu kutoka juu hadi chini kama mkaguzi aliyetumwa.

"Leo Jumatatu ya Pasaka," alisema. "Hata Serikali imelala."

"Serikali ina kalenda yake," nilijibu bila kugeuka. "Sisi tuna yetu."

"Kalenda ya nani? Ya dagaa?"

Alikusudia kuniudhi, lakini alichosema kilikuwa kweli. Mume wangu hununua dagaa wabichi katika mwalo wa Katonga, pale wavuvi wanaposhusha samaki wao, nasi huwakausha na kuwauza. Wavuvi wa dagaa wanategemea taa, na taa hufaa pale tu ambapo mwezi haupo. Mwezi ukishapevuka, ziwa zima linakuwa na nuru, dagaa hawajikusanyi tena chini ya taa ya mtu, na mitumbwi hupandishwa mchangani kwa siku nane, tisa, hata kumi. Kwa hiyo siku za giza tulikuwa Katonga sote tangu alfajiri, tukianika juu ya vichanja vya waya, tukigeuza, tukikimbizana na mvua. Siku za mwezi ndizo zilizokuwa siku za shule: masomo matano kwa siku, kengele ya mkono, jaribio kila Ijumaa. Na kwa kuwa Pasaka haiji ila baada ya mwezi mpevu, kila mwaka mapumziko ya nchi nzima yaliangukia katikati ya masomo yangu. Watoto wa mtaa walipotoka kucheza, wangu waliingia darasani. Nilijua jambo hilo linavyoonekana. Sikuwa na haja ya kuelezwa.

Wifi, ambaye ni dada mkubwa wa mume wangu, anaishi Kidahwe na anafundisha shule ya msingi upande huo wa barabara ya Kasulu. Alikuja kwetu Ijumaa Kuu pamoja na binti yake wa miaka kumi na miwili, akisema wamekuja kupumzika. Sijawahi kumwona akipumzika. Siku ya kwanza alipanga upya vyombo vyangu jikoni. Siku ya pili alimweleza mume wangu, mimi nikiwa nimesimama pale pale, kwamba mboga za nyumba hii zinapikwa kwa haraka. Hatukuwahi kupendana. Siku nilipopelekwa kutambulishwa kwa wazazi wao, aliniuliza mbele ya wageni kama watu waliosoma chuo kikuu hufundishwa pia kusonga ugali wa muhogo. Nilimjibu kwamba hufundishwa kutouliza maswali ya namna hiyo. Tangu hapo tumekuwa tukiendeleza mazungumzo yale yale.

Binti yake alikuja kuegemea fremu ya mlango wa jikoni, andazi mkononi, miguu mitupu, na mchanga wa uani bado umemganda visiginoni.

"Mnasoma darasa la ngapi?" aliuliza.

Mdogo ndiye aliyejibu. "Mimi la pili. Dada la tano."

"La tano wapi?"

"Hapa."

"Hapa ni mlangoni." Akauma andazi, akatafuna, akafurahia alichokipata. "Kwa hiyo mko darasa la mlangoni."

Mama yake alicheka, hakuficha. Binti yangu mkubwa aliinamisha kichwa juu ya daftari mpaka nywele zikagusa karatasi. Niligonga ubao kwa chaki. "Tano kwa nane kuongeza moja kwa nne," nilisema, "na wasiohusika watoke." Wifi alitoka. Mtoto wake akabaki pale pale fremuni, akala andazi lote taratibu, akiutazama mlango wangu.

Lazima niseme kwa nini tulikuwa mlangoni.

Binti yangu mkubwa ana kigugumizi. Kilimwanza akiwa na miaka minne na hakijamwacha. Nyumbani hatukukifanyia sherehe wala msiba. Tulimsubiri amalize, akamaliza. Alipofika darasa la tatu, katika shule moja ya hapa mjini, alikutana na mwalimu aliyekuwa na utaratibu wake wa kusoma kwa sauti. Kila mtoto alisimama akasoma aya moja, na kila neno alilokwama, darasa zima lilihesabu. Mwisho wa aya, hesabu ile ililipwa kwa fimbo. Mwanangu alisoma kwa namna hiyo kwa muda wa wiki tatu kabla mimi sijajua. Nilijua pale aliponyamaza. Muhula mzima uliofuata hakusema neno kwa mtu yeyote asiyekuwa wa nyumba yetu, hata shikamoo kwa jirani, na jirani zetu wakadhani nimemlea vibaya.

Wakati huo nilikuwa nafundisha jiografia sekondari. Nilikwenda kuchukua barua yake ya uhamisho, nikasema tunahama, kisha sikuipeleka barua hiyo popote. Kwenye karatasi mtoto wangu alikuwa ameondoka shule moja na hakuwahi kufika nyingine. Mimi mwenyewe niliacha kazi mwezi uliofuata. Nikampa mtoto ahadi moja, nikiwa nimemshika mabega: hutakaa tena kwenye dawati la mtu mwingine mpaka uje uniambie, kwa kinywa chako mwenyewe, kwamba unataka. Nilipotoa ahadi ile nilijiona mama mwema. Leo naona pia kwamba nilichagua sharti ambalo niliamini halitatimia.

Jumanne nilikubali nusu ya likizo. Tulisoma mpaka saa sita, kisha sote tukapanda bajaji mbili kwenda ufukweni, mbele kidogo ya mwalo wa Katonga, na sufuria ya wali, samaki wa kukaanga aina ya migebuka na tikiti maji moja kubwa ambalo wifi alilipakata njia nzima kama mtoto mchanga. Ilikuwa siku nzuri, na nalisema hilo kwa shingo upande. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri ikaondoka. Milima ya Kongo ilionekana upande wa pili, imeoshwa. Mwalo ulikuwa kimya kwa sababu ya mwezi: mitumbwi imepandishwa, taa zimefunikwa maturubai, vichanja vitupu safu kwa safu. Jirani zetu wengi walikuwa katika mfungo wa Ramadhani, kwa hiyo tulikwenda mbali na njia ili tusile mbele yao.

Watoto watatu waliingia majini na hawakutaka kutoka. Binti yangu mkubwa huogelea vizuri kuliko mtoto yeyote niliyepata kumwona; ndani ya maji ana mwili mwingine. Alipotoka kuchukua kipande cha tikiti alianza kumweleza binti wa wifi jinsi dagaa wanavyoanikwa, akionyesha vichanja kwa kidole.

"Unawa-unawa-unawasambaza wa-wa—"

"Wa-wa-wa-wa," alisema yule mtoto, akipeperusha mikono kama bata. "Sema basi, jua linazama!"

Nilikuwa nimekaa hatua nne kutoka pale. Nilisimama, nikamfokea mtoto wa watu kwa maneno ambayo sitayaandika, na nilipomaliza alikuwa amelowa machozi na maji ya tikiti.

"Usimfokee mwanangu," wifi alisema. Hakuinua sauti.

"Basi mfunze adabu."

"Adabu anafunzwa. Na wenzake arobaini, kila siku. Wako anafunzwa na nani kuishi na watu? Na mlango?"

"Afadhali mlango. Mlango haupigi."

"Haupigi, na haujibu. Siku moja utakufa wewe, wifi, na yeye atabaki duniani na watu wenye midomo. Umemwandaa kwa lipi?"

"Nimemwandaa asiwe kama wewe."

Mume wangu aliokota sufuria, akaenda kuiosha, ingawa ilikuwa bado na wali. Ndiyo tabia yake. Vita vikianza hutafuta chombo cha kuosha. Tuliendelea hivyo, mimi na dada yake, kwa muda ambao siukumbuki vizuri. Tulitukanana kwa adabu, kama wanavyotukanana walimu, kila mmoja akimwacha mwenzake amalize sentensi ili apate kuichambua. Nilipogeuka hatimaye kuwatafuta watoto, hawakuwa majini.

Walikuwa kwenye vichanja. Binti wa wifi alikuwa amebeba majani makavu kwenye kanga ya mama yake, na wangu alikuwa akimwamrisha. "Tandaza! Usirundike! Hao watanuka! Geuza, geuza, mvua hiyo inakuja, mama wee, utatutia hasara!" Ilikuwa sauti ya wanawake wa mwaloni kabisa, na haikukwama hata mara moja. Yule wa Kidahwe alikuwa akikimbia huku na huku na majani yake, akicheka, akiitika, "Ndiyo mama! Ndiyo mama!" Mdogo alijifanya mnunuzi, akabonyeza majani kwa vidole, akasema bado mabichi.

Nusu saa haikuwa imepita tangu mmoja amcheke mwenzake na mimi nifoke. Wao walikuwa wameshamaliza. Nakumbuka kwamba sikufurahi. Nilihisi kama mtu aliyebeba mzigo wa mwenzake mpaka mlimani, kisha akamkuta mwenyewe yuko chini anacheza.

Jumatano alasiri nilikwenda sokoni. Niliporudi mvua ilikuwa imeanza, mume wangu alikuwa sebuleni, wifi alikuwa sebuleni, na juu ya meza ya chakula lilikuwapo daftari langu la mahudhurio, limefunguliwa.

Hapa ndipo kosa langu lilipo, na sijui kama kuna mtu asiyekuwa mwalimu atakayelielewa. Nilipoanza kuwafundisha nyumbani nilinunua daftari halisi la mahudhurio, lile refu lenye safu za siku. Niliandika majina mawili. Kila asubuhi niliita majina hayo mawili, na watoto waliokuwa wamekaa mbele ya pua yangu waliitika, "Nipo, mwalimu." Nikaweka mkato mmoja wa asubuhi na mwingine wa mchana, kama nilivyofundishwa chuoni. Na siku za giza, tulipokuwa Katonga, niliandika herufi M ya wino mwekundu, maana yake mwaloni. Mwisho wa mwezi nilijumlisha waliohudhuria na wasiohudhuria, na M niliihesabu pamoja na wasiohudhuria.

Mume wangu aliwahi kuniuliza. "Si uandike tu kwamba wapo? Walikuwa na wewe."

"Darasani hawakuwapo."

"Darasa lenyewe ni lako."

"Ndiyo maana."

Ningeweza kuandika "Sayansi: ukaushaji wa chakula." Ningeweza kuandika "Hesabu: uzito." Ingekuwa kweli pia, maana walijifunza. Lakini nilikuwa nimefundisha miaka kumi na miwili bila kudanganya daftari la mahudhurio, hata wakuu wa shule waliponisihi, na sikuona sababu ya kuanza kudanganya katika nyumba yangu. Hivyo, siku baada ya siku, kwa wino mwekundu, niliwaandika watoto wangu watoro wa shule yangu mwenyewe.

"Februari," wifi alisema, kidole chake juu ya karatasi. "Siku kumi na moja hayupo. Machi, kumi na tatu. Mdogo wangu, mimi sijasema kitu. Mkeo ameandika kwa mkono wake."

"Umefungua vitu vyangu," nilisema.

"Daftari la mahudhurio si barua ya mapenzi, wifi. Ni la kufunguliwa." Kisha, katikati ya hasira yake, kitu kikamshinda akacheka. "Mwalimu gani duniani anawaandika utoro watoto waliokuwa naye siku nzima?"

Sikucheka. Alipeleka mkono nyuma ya jalada akatoa karatasi iliyokunjwa mara mbili. Nilikuwa nimesahau kwamba niliihifadhi humo. Ilikuwa ile barua ya uhamisho, mhuri wake bado wa buluu, sehemu ya shule inayompokea ikiwa tupu.

"Na hii?" Sasa hakuwa anacheka. "Miaka miwili mliniambia ameandikishwa mahali, anasomea nyumbani kwa utaratibu. Mtoto huyu hayupo. Hayupo kwako, hayupo kwa Serikali, hayupo popote. Nikiyapeleka haya kwa afisa elimu wa kata kesho, utamjibu nini?"

Mtu mwingine angekuwa na uongo wa kujikinga nao. Mimi nilikuwa na mwandiko mzuri tu.

"Sitapeleka," alisema, "kama Jumamosi ataondoka na mimi. Nitamwandikisha Kidahwe. Atalala kwangu, chumba kimoja na mwanangu."

"Kwenye fimbo."

"Kwangu hakuna anayechapwa kwa kushindwa kusema. Kwa utoro, ndiyo."

Nilimtazama mume wangu. Alitazama mikono yake, akatafuta chombo cha kuosha, hapakuwa na chombo. "Labda muhula mmoja," alisema. "Tuone tu."

Nilimwambia maneno ambayo tumesameheana baadaye. Kisha nikasema kwamba ahadi yangu na mtoto haikuwa yangu kuivunja, wala yake, wala ya dada yake. Sharti lilikuwa aseme mwenyewe, na nilisema hivyo kwa sauti ya mtu anayefunga mlango kwa ufunguo.

"Basi aitwe," wifi alisema.

Alikuja akiwa na nywele mbichi. Walikuwa wakicheza kwenye mvua. Alisimama mbele ya mlango mweusi ambao bado ulikuwa na sehemu zangu za Jumatatu. Baba yake akamweleza, kwa haki, siwezi kumlaumu: shangazi anataka uende Kidahwe, mama anataka ubaki hapa, wewe unasemaje. Akampa muda.

"Nataka ku—" alianza. "Ku-ku—"

Bati lilikuwa linapiga kelele kwa mvua. Midomo yake ilishika neno ikashindwa kulitoa, macho yakakaza, lile shavu la kushoto likaanza kutetemeka kama linavyotetemeka siku zote neno likiwa kubwa. Nilikuwa nimelijua shavu lile kwa miaka saba. Niliwafundisha majirani kulisubiri. Niliacha kazi kwa ajili yake.

"Kubaki," nilisema.

Alitikisa kichwa.

Sitasahau jinsi alivyotikisa kichwa. Hakukasirika. Alinitazama kama mtu anavyomtazama mwenzake aliyemkanyaga mguu kwenye foleni. Halafu akaanza upya, tangu mwanzo, "Nataka ku-ku-ku—," na safari hii nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa nimejiuma ulimi. Na wifi, mwanamke yule ambaye hawezi kuona sufuria bila kuihamisha, alikuwa amekaa, mikono mapajani, akimtazama mtoto usoni, bila haraka na bila huruma, kama mtu anayesubiri maji yachemke akijua yatachemka. Hakuwa amemsaidia neno hata moja tangu Ijumaa Kuu. Nililitambua hilo pale pale, na nilimchukia kwalo kuliko kwa yote mengine.

"Kujaribu," mtoto alisema.

Kisha akaongeza, akikwama njiani mara nne, na tukasubiri zote nne: "Nimechoka kusoma na mtu mmoja. Tukicheza Katonga tunakuwa wengi. Hapa niko peke yangu na wewe."

"Mdogo wako je?" nilimuuliza. Lilikuwa swali la mtu aliyeshindwa.

"Huyo ni darasa la pili," alisema.

Kuanzia Alhamisi mpaka Jumamosi sikumpa wifi shikamoo. Asubuhi tatu nilipita mbele yake na ndoo, na ufagio, na kikombe, kana kwamba napita mbele ya kabati. Watoto waliona. Yeye ni mkubwa kwangu kwa miaka minane, na kwa watu wa hapa jambo hilo ni kofi. Alilipokea, akaendelea kukunja nguo za mwanangu ndani ya sanduku la bati, akizikunja vizuri kuliko ninavyozikunja mimi. Jumamosi saa nne waliondoka. Binti yangu hakulia. Alikaa kati ya shangazi yake na binamu yake kwenye kiti cha nyuma, na gari lilipoanza kwenda nilimwona akimwambia binamu yake kitu, na yule mwingine amegeuza uso, anasubiri kimalizike.

Siku za giza zilirudi, tukaenda Katonga watatu. Siku za mwezi zikarudi, nikaita jina moja, na mdogo akaitika, "Nipo, mwalimu," kwa sauti kubwa ya kujaza nafasi ya mwenzake. Wifi hakunipigia simu. Alimpigia mume wangu, naye akanisimulia nikiwa nimempa mgongo. Wiki ya kwanza mtoto alisoma aya mbele ya darasa, akachukua karibu kipindi kizima, na shangazi yake alikaa mlangoni mwa darasa mpaka akamaliza. Wiki ya pili mvulana mmoja alimwigiza, binti yangu akampiga kwa chupa ya maji, na shangazi yake akamsimamisha nje mpaka kengele. Wiki ya tatu aliomba kalamu nyekundu. Hakuna aliyejua ya nini.

Mwishoni mwa Mei nilimpa dereva mmoja wa Kasulu bahasha kubwa na barua hii.

"Wifi, shikamoo. Hii ni ya leo. Ongeza na ya Alhamisi, ya Ijumaa na ya Jumamosi, ambazo nilikunyima. Sikuombi unisamehe, nakulipa.

Sijasahau kwamba ulifungua daftari langu, wala kwamba ulinitisha kwa ofisi ya kata ndani ya nyumba yangu. Nikikuona leo nitakwambia hivyo hivyo, na wewe utahamisha sufuria zangu. Tusijidanganye.

Nimesikia habari ya chupa ya maji. Na mimi ningemsimamisha nje. Sikutegemea siku moja nitakuandikia sentensi hiyo.

Nina ombi moja, na linanigharimu kuliandika. Jumatano ile, mtoto alipokwama, mimi nilimmalizia neno, wewe hukummalizia. Endelea hivyo. Walimu wenzako wakimmalizia, wakataze kwa ule ukali wako ambao nimeutaja vibaya kwa miaka mingi. Nadhani uliumbiwa kazi hiyo.

Ndani ya bahasha kuna ile barua ya uhamisho. Jaza sehemu iliyokuwa tupu. Kuna pia daftari langu la mahudhurio; la mdogo nimenunua jingine. Nimekata jina la mkubwa kwenye ukurasa wangu, na ukurasa unaofuata nimeuacha wazi kwa ajili yako. Mwandike huko kwa siku zake za Kidahwe, kama anavyostahili kuandikwa mtu aliyepo.

Giza lijalo nataka aje Katonga Ijumaa moja, yeye na binti yako. Wanawake wa mwaloni wananiuliza yuko wapi yule anayetufokea. Utampa ruhusa, najua, kwa sababu mwanao ameshakuomba. Lakini Ijumaa hiyo hatakuwa darasani, kwa hiyo mwandike M, kwa wino mwekundu. Kalamu anayo yeye. Usimwonee haya na usinionee haya. Ukilidanganya daftari kwa kuandika kwamba alikuwapo nitaona, na hapo tutakuwa tumepoteza jambo la pekee ambalo mimi na wewe tumewahi kukubaliana."